Unasoma Chuo Kikuu Huria huku unafundisha? Panga hivi

Walimu wenzangu mliopata udahili Chuo Kikuu Huria cha Tanzania na mnaobaki vituoni mkifundisha, hongereni sana. Mimi nilisoma shahada yangu ya ualimu nikifundisha shule ya msingi wilayani Kasulu, na tangu hapo wenzangu kadhaa wamekuwa wakiniuliza waanzie wapi. Chuo hiki kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, kikiwalenga hasa watu wa namna yetu, wasioweza kuacha kazi na familia wakaishi bwenini. Wengi huogopa kusoma kwa mtandao. Mimi naogopa zaidi kitu kingine: kusoma madesa, yaani maandishi ya kozi, mara tatu, ukaridhika kwamba umeelewa, kisha ukaingia chumba cha mtihani ukakuta huna la kuandika.

Kwa hiyo soma kwa kujipima. Ukimaliza mada, funika kila kitu, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka kwa maneno yako. Halafu fungua usahihishe kwa kalamu nyekundu, bila huruma, kama unavyosahihisha madaftari ya watoto. Ulichokikosa ndicho utakachosoma kesho. Mada nzima usiirudie. Jipime tena baada ya siku mbili tatu, kisha baada ya wiki. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio yao juu ya jambo hili. Waliorudia kusoma matini walifanya vizuri zaidi walipopimwa dakika 5 baadaye. Ilipopita wiki, waliokuwa wamejipima kwa kuandika wanachokumbuka ndio waliokumbuka zaidi. Ndiyo maana ile raha ya "nimeelewa" ya usiku uleule siiamini kabisa.

Tena sisi walimu tuna maabara ambayo mwanafunzi wa bwenini hana: darasa letu. Ukifika kwa Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeeleza hatua za ukuaji wa akili ya mtoto, usikariri hatua hizo tu. Mimina maji kutoka kikombe kipana kwenda chupa nyembamba mbele ya watoto wa darasa la awali, uwaulize maji yameongezeka au ni yaleyale. Wengi watakuambia yameongezeka, kwa sababu yamepanda juu. Waulize na wa darasa la nne, usikilize tofauti. Andika majibu yao siku hiyohiyo. Swali la "jadili" likija, utakuwa na mfano ulioushuhudia mwenyewe, na nadharia haitakutoka tena kichwani.

Mitihani ya miaka iliyopita itafute mapema, siyo wiki ya mwisho. Ijibu kwa mkono, saa ikiwa mezani. Aliyezoea kuchapa kwenye simu huchoka vidole kabla hajamaliza swali la pili.

Saa ya kusoma ikubaliwe na watu wa nyumbani. Mimi nilikaa na mume wangu na wanangu, nikawaambia waziwazi: kuanzia saa kumi alfajiri hadi chai, mama yuko chuoni. Wakaelewa. Ukijificha kusoma, kila mtu atakuita, na ana haki.

Kuhusu bando, nenda mtandaoni kwa kazi maalumu. Chagua siku moja ya wiki, pakua madesa na maelekezo ya kazi zote, yape majina kwa namba ya kozi na mada, weka nakala kwenye flashi, kisha zima data usome. Kazi ya kozi itume siku mbili kabla ya mwisho, maana umeme na mtandao havikuulizi tarehe, na ukishatuma piga picha ya skrini inayoonyesha imepokelewa.

Kundi la diskasheni liwe la watu wanne au watano wa kozi moja. Kila mmoja afundishe mada yake kwa sauti fupi za WhatsApp, wengine waulize maswali. Majibu ya kazi msigawane hata kidogo. Kila mtu aandike yake. Anayepewa majibu anadhulumiwa, na sapu, yaani mtihani wa marudio, ataifanya peke yake.

Kituo cha chuo cha mkoani kwako kitembelee mwanzoni kabisa wala usingoje matatizo. Hakiki kwamba kozi unazosoma ndizo zilizosajiliwa kwenye mfumo, na risiti zote za ada zitunze. Ratiba ya mitihani ikitoka, mpelekee mkuu wa shule nakala yake pamoja na barua ya kuomba ruhusa, na siku hiyohiyo zungumza na mwalimu atakayeshika vipindi vyako, mpatane utamshikia vyake lini.