Karatasi za kutuma mzigo wa mionzi: fomu ndo ijazwe mwisho

Wengi wakipewa kazi ya kutuma mzigo wa klasi 7 (kundi la mizigo hatari ya mionzi) kitu cha kwanza wanafungua fomu ya tamko la mtumaji wanaanza kujaza, afu wakifika katikati wanakwama, wanaanza kupiga simu huku na kule kuuliza "hii TI tunaandika ngapi" (TI ni transport index, namba inayotoka kwenye kipimo cha mionzi cha umbali wa mita 1). Shida ni kwamba karibu kila kisanduku cha ile fomu kinataka jibu ambalo lilitakiwa liwe limeshapatikana kwingine, kwenye cheti, kwenye mita au kwenye lebo. Kwa hiyo hapa naenda kwa mpangilio wa kazi yenyewe, sio mpangilio wa fomu.

Sheria mama ni SSR-6 ya IAEA (shirika la kimataifa la nishati ya atomiki), toleo la 2018. Ukisafirisha kwa ndege utaikuta ndani ya kanuni za IATA, kwa meli ndani ya IMDG, barabarani Ulaya ndani ya ADR, Marekani ndani ya 49 CFR. Ukiielewa hiyo moja hizo nyingine hazikusumbui sana. Na kabla ya yote muulize msafirishaji kama anapokea klasi 7, maana wapo wasiotaka hata kuisikia na utakuwa umejaza karatasi bure.

Tuchukue mzigo wa kawaida kabisa, ile mashine ya wajenzi wa barabara ya kupima unyevu na mgandamizo wa udongo. Nyingi zina vyanzo viwili ndani, Cs-137 ya kama 0.3 GBq (gigabekereli, kizio cha nguvu ya chanzo) na Am-241 yenye berili ya kama 1.48 GBq. Zinaenda kwenye kifurushi aina A, na kila isotopu ina viwango viwili vya mwisho kwa kifurushi hicho, A1 kama chanzo kina cheti cha umbo maalumu (yani kimefungwa ndani ya chuma na kimepita majaribio ya kutopasuka wala kuvuja), na A2 kama hakina. Sasa angalia Am-241: A1 yake ni 10 TBq, lakini A2 ni 0.001 TBq, ambayo ni 1 GBq tu. Umeona hapo? Ukiwa na cheti ile 1.48 GBq ni kidogo mno, cheti kikiwa kimeisha muda mashine ileile, sanduku lilelile, imezidi kiwango na haiwezi kwenda kama aina A. Ndo maana nasema anza na cheti. Tafuta tarehe ya mwisho, angalia namba (ina kodi ya nchi iliyokitoa, namba yenyewe na herufi S), angalia kama modeli ya kidonge (kile chuma kilichofunga chanzo) iliyoandikwa kwenye cheti ndo iliyochongwa kwenye chanzo chako. Kama kimeisha mwandikie mtengenezaji, mara nyingi anacho kipya na ni suala la kutumiwa nakala tu.

Cheti kikishakaa sawa chukua mita, iwe imekalibretiwa na muda haujapita. Pima juu ya sanduku pande zote uchukue kubwa kuliko zote, kisha pima umbali wa mita 1. Hicho cha mita 1 ukikizidisha mara 100 kikiwa kwenye mSv/h (milisivati kwa saa) unapata TI, na kama mita yako inasoma µSv/h (mikrosivati kwa saa) gawa kwa 10. Mfano imesoma 4.7 µSv/h, TI ni 0.47, unapandisha juu inakuwa 0.5, hakuna kushusha hata kama ingekuwa 0.41. Ikiwa 0.05 au chini yake ndo unaruhusiwa kuihesabu sifuri.

Kategoria sasa. Nyeupe I ni juu ya sanduku isizidi 0.005 mSv/h na TI sifuri. Njano II ni hadi 0.5 mSv/h na TI hadi 1. Njano III ni hadi 2 mSv/h na TI hadi 10. Ukikuta juu ya sanduku inasema II ila TI inasema III, chukua ya juu. Lebo zinabandikwa mbili pande zinazotazamana, unaandika isotopu, nguvu ya chanzo na TI (ile nyeupe haina sehemu ya TI). Piga picha za lebo, zitakusaidia baadae kwenye ubishi.

Ndo sasa ufungue fomu. Mstari wa utambulisho una mpangilio wake na haupenyezi kitu katikati, namba ya UN, jina rasmi, klasi:

UN3332, RADIOACTIVE MATERIAL, TYPE A PACKAGE, SPECIAL FORM, 7

Ingekuwa haina umbo maalumu, mfano dawa ya hospitali ya maji, ingekuwa UN2915. Baada ya hapo unataja kila isotopu, umbo lake (au kwamba ni umbo maalumu), nguvu ya kila moja, idadi na aina ya vifurushi, kategoria, TI, na kwa ndege vipimo vya sanduku pia. Chini yake namba za vyeti.

Kwenye nguvu ya chanzo ndo kuna makosa ya kila aina. Kizio ni bekereli, sio kyuri, hata kama sahani ya mashine imeandikwa mCi 40, wewe zidisha kwa 37 upate MBq 1480. Na tafadhali M kubwa, maana "mBq" kwa m ndogo ni milibekereli, umepunguza mzigo mara bilioni moja kwa herufi moja na mkaguzi ana haki ya kuurudisha. Kingine, inayoandikwa ni nguvu ya juu kabisa itakayokuwepo safarini, yani ya wakati mzigo unaondoka, sio ya siku chanzo kilipotengenezwa. Kwa Cs-137 ambayo nusu uhai wake (muda wa nguvu kupungua kwa nusu) ni miaka 30 hutaona tofauti kubwa, ila Ir-192 ni siku 74, na Mo-99 ni kama saa 66 tu, kwa hiyo ukiipigia hesabu ya Ijumaa afu ndege ikapatikana mapema zaidi, Jumanne kabla ya Ijumaa hiyo, karatasi inasema nusu au chini ya nusu ya kilichomo. Ndege ikibadilika rudia hesabu na ukague TI tena.

Kwenye fomu ya ndege kata neno linalosema mzigo sio wa mionzi na ukate aina ya ndege isiyohusika. Maneno ya tamko hayabadilishwi. Ukikosea ukarekebisha kwa mkono, weka sahihi ileile pembeni ya marekebisho. Anayesaini ni mtumaji mwenyewe aliyesomea hii kazi, sio wakala anayebahatisha, kwa sababu shirika la ndege linachukua hizohizo data zako kumwandikia rubani taarifa ya kilicho chini ya miguu yake.

Kwa SSR-6 vyeti sio lazima visafiri na mzigo ila msafirishaji lazima avipate kabla ya kupakia na kushusha, mimi naona bora uviambatanishe tu. Weka maelekezo ya dharura, namba ya simu inayopokelewa usiku na mchana, na nakala ya leseni ya mpokeaji. Kwa gari, Marekani wanataka karatasi ziwe mahali dereva anafikia akiwa amefunga mkanda, na hata pasipo na sheria hiyo fanya hivyo, zisiwe nyuma na mzigo. Vyanzo vikubwa vya kategoria 1 na 2 (hizi ni za ukubwa wa hatari ya chanzo, sio zile za lebo) vina taarifa na vibali vya nchi kwa nchi, hivyo anza mapema sana.

Vifurushi vidogo vya msamaha (juu ya sanduku isizidi 5 µSv/h, mfano UN2910 au UN2911) havihitaji tamko, inatosha hati ya mzigo iwe na namba ya UN na majina na anwani za mtumaji na mpokeaji, na kwa ndege ongeza jina rasmi na idadi ya vifurushi. Sanduku likirudi tupu ni UN2908, hakikisha limepimwa uchafuzi na lebo za zamani zimefunikwa au kutolewa, hili linasahaulika mno.

Nakala zihifadhiwe angalau miezi 3 kwa SSR-6, Marekani mtumaji anatakiwa akae nazo miaka 2, na picha za lebo zikae kwenye faili hilohilo.