Somo: Kuomba nguvu na kurejezwa kwa Zaburi ya 80, hatua kwa hatua

Zaburi ya 80 ni ya Asafu, ina mistari 19, na kiini chake ni neno moja: uturudishe. Tenga nusu saa, uwe na Biblia ya Union Version, penseli na karatasi. Haja zako ziweke kando kwanza. Nafasi yake ni hatua ya 3.

Hatua ya 1. Isome yote kwa sauti mara mbili bila kusimama. Mara ya pili pigia mstari kiitikio: mistari ya 3, 7 na 19. Ombi ni lile lile, ila jina linakua. Wa 3 unasema "Mungu", wa 7 "Mungu wa majeshi", wa 19 "Bwana, Mungu wa majeshi". Hapa ndipo wengi wanapokwama. Jibu likichelewa, wanatunga ombi jingine au wanapandisha sauti. Asafu anang'ang'ania ombi lake, anazidi tu kumtaja anayeombwa.

Hatua ya 2. Mistari ya 1 hadi 3. "Uziamshe nguvu zako": neno la Kiebrania ni gevurah, nguvu za shujaa vitani, tena ni nguvu za Mungu mwenyewe. Mwombaji hasemi "nitie nguvu nisimame". Anataka Mungu aamke. Efraimu, Benyamini na Manase wanaotajwa ni uzao wa Raheli, na Efraimu na Manase walikuwa wa ufalme wa kaskazini, ulioangushwa na Waashuri mnamo 722 KK. Kichwa cha zaburi hii katika tafsiri ya kale ya Kiyunani kinamtaja Mwashuri. Basi na wewe taja kilichoanguka kwa jina lake. "Bwana, unajua hali yangu" haitoshi hapa.

Hatua ya 3. Mistari ya 4 hadi 13, dakika kumi nzima. Kwanza lalamiko: hata lini, na machozi yaliyogeuka chakula na kinywaji. Kisha mzabibu, yaani taifa la Israeli: Mungu aliutoa Misri, akafukuza mataifa, akaupanda, ukatia mizizi, ukaijaza nchi. Halafu swali la mstari wa 12: kwa nini umezibomoa kuta zake? Andika mambo matatu: alichokupandia Mungu, ukuta uliobomoka, na kinachoingia kupitia pengo hilo. Ukiruka mzabibu na kukimbilia mstari wa 14, utakuwa unaomba urudishwe bila kujua urudishwe wapi.

Hatua ya 4. Mstari wa 14 peke yake, polepole, kisha kimya dakika mbili. Sikio lilikuwa linangoja kiitikio, likasikia "urudi". Kwa Kiebrania ni shuv, kitenzi kile kile kilichozaa hashivenu, "uturudishe". Kabla ya kuomba arudishwe mara ya mwisho, mtu anaomba Mungu mwenyewe arudi.

Hatua ya 5. Malizia mistari ya 15 hadi 19. Katika mstari wa 18 angalia mpangilio: "Utuhuishe, nasi tutaliitia jina lako." Kuhuishwa kunatangulia. Ukisema "ukiniponya nitatoa kadhaa", umeingia kwenye biashara.

MASWALI YA WASHIRIKI

Bwana asifiwe, mwalimu. Kwenye kitabu changu cha sala zaburi hii ni ya 79. Nisome ipi?
Ni hiyo hiyo. Kitabu chako kinafuata hesabu ya Kiyunani na Kilatini. Ukikutana na hesabu ya Kiebrania, kichwa huhesabiwa kuwa mstari wa 1, kwa hiyo kiitikio kiko 4, 8 na 20.

Shalom. Nguruwe wa msituni, mstari wa 13, si ndiye shetani? Nimkemee?
Ndugu, soma mstari wa 12 kwanza. Nguruwe aliingia kwa sababu ukuta ulibomolewa, na anayeulizwa kuhusu ukuta ni Mungu. Asafu hasemi na nguruwe hata neno moja.

Mimi ni mgonjwa na naomba peke yangu. Nigeuze "uturudishe" iwe "unirudishe"?
Pole sana, mpendwa. Iache ilivyo, ni zaburi ya taifa, na ndani ya "sisi" umo. Kwa maneno ya mtu mmoja chukua Zaburi ya 6, ambamo mifupa inafadhaika, au 71:9 kama umri umesogea. Aliyeanguka dhambini ana 51:12, "Unirudishie furaha ya wokovu wako". Hapo pia kitenzi ni kile kile.

Kiitikio hutamkwaje kwa Kiebrania?
Elohim hashivenu, veha'er panekha venivashe'a. Mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili, isipokuwa Elohim, unaokaza -him, na veha'er, unaokaza -'er.

Nimefuata hatua zote siku tatu na sijisikii tofauti. Nimekosea wapi?
Huenda hujakosea popote. Mstari wa 19 bado ni ombi. Jibu halimo ndani ya zaburi hii. Kesho anza tena hatua ya 1, kwa maneno yale yale.