Firenze kwa mpenda sanaa: mambo ya kuzingatia kabla ya safari

Kabla hujagusa begi, fungua kalenda. Firenze ina makumbusho mawili ambayo karibu kila mgeni huyaendea: Uffizi kwa ajili ya michoro, na Accademia kwa ajili ya sanamu ya Daudi ya Michelangelo. Yote mawili hufungwa Jumatatu. Ukifika Jumapili jioni na kuondoka Jumanne alfajiri, utakuwa umekwenda Italia kutazama milango. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali huwa bure, lakini ndiyo siku ya msongamano, na mimi ni afadhali nilipe nipate nafasi ya kusimama mbele ya mchoro.

Kama pasipoti yako inahitaji viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo), ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala lisichelewe zaidi ya siku 15 kabla, na bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Viza ikishatoka, kata tiketi za makumbusho mtandaoni, zenye siku na saa. Walio chini ya miaka 18 huingia bure kwenye makumbusho ya serikali, ila wachukulie kitambulisho.

Kazi ngumu ya maandalizi ni kuamua utakachoacha. Mwaka 1737 Anna Maria Luisa, wa mwisho katika ukoo wa Medici uliotawala Firenze, aliweka mkataba kwamba hazina ya sanaa ya familia yake isiondoke Firenze. Ndiyo maana mji mdogo namna hii umejaa kupita kiasi. Uffizi peke yake, jengo lililoanzwa mwaka 1560 kuwa ofisi za serikali (jina lenyewe maana yake ni ofisi), linaweza kukumaliza macho kabla ya saa sita mchana. Baada ya saa mbili hivi mtu huwa hatazami tena, anapita tu. Chagua vyumba vichache ukiwa bado nyumbani. Cha mchoraji Botticelli usikiache. Begi kubwa utatakiwa kuliacha mapokezi, na mwanga wa kamera hauruhusiwi.

Kuhusu Daudi, ipo nakala yake nje, kwenye uwanja wa Piazza della Signoria, tangu mwaka 1910, na kuitazama hulipi kitu. Wenye haraka huishia hapo. Wasifanye hivyo. Sanamu halisi, yenye urefu wa mita 5.17, ilihamishiwa Accademia mwaka 1873, na ndani ya ukumbi ule ndipo unapoona mishipa ya mkono wa kulia na jinsi kichwa kilivyo kikubwa kuliko mwili unavyodai.

Kuba la kanisa kuu, alilolijenga msanifu Brunelleschi kati ya 1420 na 1436, lina vidato 463 na halina lifti. Unapanda kwa kujibana katikati ya magamba mawili ya kuba, na nafasi huwekwa mapema kwa saa maalumu. Mwenye shida ya moyo, magoti au hofu ya sehemu finyu ajipime kwanza kabla ya kulipa. Ndani ya kanisa, mabega na magoti yafunikwe. Mtandio mwepesi begini unatosha kwa mabega.

Viatu viwe vile ulivyokwisha kuvizoea, maana barabara ni za mawe. Gari la kukodi sioni faida yake: katikati ya mji magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi, kamera hunasa namba, na faini hukufuata hadi kwako. Kituo cha treni cha Santa Maria Novella kiko umbali wa kutembea kwa miguu hadi kanisa kuu.

Mwisho, tenga asubuhi moja kwa makumbusho ya San Marco, ambayo wengi huiruka. Ilikuwa nyumba ya watawa, na katika karne ya 15 mtawa mchoraji Fra Angelico na wasaidizi wake walichora ukutani mwa vyumba vya watawa, kila chumba na mchoro wake, ili mtawa awe na kitu kimoja tu cha kutafakari. Angalia saa za kufungua za wiki yako. Na unapopanda ngazi kwenda juu, inua macho kabla hujafika kidato cha mwisho: malaika Gabrieli na Maria wako pale mbele yako, ukutani.