Asidi ya udongo: maana ya neno na namna ya kuipima shambani

Mtu wa Bukavu akisema limau lina asidi, anazungumzia ladha inayokunja uso. Akilalamikia asidi ya tumbo, anazungumzia kiungulia. Lakini mwanakilimo anayemwambia mkulima wa Walungu kwamba shamba lake lina asidi hazungumzii ladha wala maumivu: anazungumzia wingi wa ayoni za haidrojeni, yaani chembe za haidrojeni zenye chaji ya umeme, ndani ya maji ya udongo. Wingi huo huonyeshwa kwa kipimo cha pH, alichokibuni mkemia wa Denmaki, Søren Sørensen, mwaka 1909. Namba 7 ndiyo katikati. Kadiri inavyoshuka, ndivyo asidi inavyoongezeka, na kila hatua ni mara 10, hivi kwamba udongo wa pH 5 una asidi mara 100 kuliko ule wa pH 7.

Chini ya pH ya takriban 5.5, aluminiamu iliyokuwa imefungwa katika udongo huyeyuka na kudumaza mizizi, huku fosforasi, mojawapo ya virutubisho vya mmea, ikishikwa mahali ambapo mmea hauifikii. Maharagwe huumia mapema, muhogo huvumilia, na chai hupenda hali hiyo, kwa hiyo usikimbilie kutibu kabla ya kujua utapanda nini.

Ili kupima, chukua udongo wa kina cha sentimita 15 kutoka sehemu tano au zaidi, mbali na mahali pa kumwagia majivu, uuchanganye na kuukausha kivulini. Chemsha maji ya mvua, kwa sababu hewa ya kaboni dioksidi iliyomo huyatia asidi kidogo, kisha uyaache yapoe. Koroga vijiko viwili vya udongo katika nusu glasi ya maji hayo, subiri nusu saa, na uchuje kwa kitambaa safi mpaka maji yaangaze. Udongo wetu mwekundu hudanganya macho usipochujwa vizuri. Ongeza maji yaliyochemshiwa kabichi ya zambarau, ambayo haipatikani sokoni Kadutu kila siku. Rangi ikielekea waridi, kuna asidi. Ikielekea buluu au kijani, hakuna. Weka kando glasi ya limau na ya maji ya majivu, nazo zikiwa zimetiwa maji hayo ya kabichi, kwa kulinganisha. Jaribio hili huonyesha mwelekeo tu. Anayetaka namba apeleke udongo maabara, kwa mfano kwa watafiti wa INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo ya Kongo, huko Mulungu.

Dawa ya kawaida ni chokaa ya kilimo. Ukishauriwa tani 2 kwa hekta, hiyo ni gramu 200 kwa kila mita mraba, ichanganywe vizuri na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Majivu ya kuni husaidia pia, ingawa nguvu yake ni ndogo. Yale ya takataka zenye plastiki yaache. Usimwage chokaa siku moja na samadi mbichi au urea: harufu kali utakayoisikia ni naitrojeni uliyoilipia ikipotea hewani.