Chumba cha mwanafunzi Leipzig: anza na anwani

Ujerumani, mtu asiye na anwani hana pa kuanzia. Benki watataka anwani, kadi ya bima ya afya itatumwa kwenye anwani, na ofisi ya wageni haitashughulikia kibali chako cha kuishi bila karatasi inayoonyesha unakaa wapi. Kwa hiyo kila mdogo wangu anayeniuliza namna ya kupata chumba Leipzig, mimi humuuliza kwanza: hicho chumba ulichokiona, mwenyewe atakubali ujiandikishe hapo? Akisema hapana, achana nacho hata kama ni cha bei ya kutupa.

Kujiandikisha huko kunaitwa Anmeldung, na sheria inakupa wiki 2 tangu siku ya kuhamia. Unakwenda ofisi ya jiji iitwayo Bürgerbüro ukiwa na pasipoti, fomu, na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli umehamia kwake. Karatasi hiyo ni Wohnungsgeberbestätigung. Mkataba wa pango hauchukui nafasi yake, basi iombe siku hiyohiyo unayopewa ufunguo. Miadi ya ofisi inachukuliwa mtandaoni, na Oktoba ikifika kila mwanafunzi mgeni anaigombania. Ichukue ukiwa bado nyumbani, mara tu ukijua tarehe ya kuhamia.

Sasa chumba chenyewe. Hodi ya kwanza piga kwa Studentenwerk Leipzig, shirika linaloendesha mabweni na kantini za wanafunzi. Muhula wa baridi unaanza tarehe 1 Oktoba na foleni ni ndefu, kwa hiyo omba wiki ileile barua ya udahili inapofika, usingoje viza. Mabweni yake makubwa yako mtaa wa Straße des 18. Oktober, maghorofa ya enzi za Ujerumani Mashariki. Kwa nje hayavutii, lakini ndani utakuta kitanda, meza na kabati, na kodi huwa imeshajumlisha joto, umeme na intaneti. Kwa anayekuja mwaka mmoja tu, sioni kilicho bora zaidi. Nyumba ya kupanga mtaani ikiandikwa haina samani, ujue ni tupu kabisa: mara nyingi mpangaji aliyetoka ameondoka na jiko, makabati ya jikoni na hata taa, zimebaki nyaya zinaning'inia darini.

Ukikosa bweni, tafuta WG, yaani nyumba wanayochangia watu watatu au wanne, kila mmoja na chumba chake, jiko na bafu wakitumia pamoja. Matangazo mengi yako wg-gesucht.de. Usitafute katikati ya jiji peke yake. Grünau, upande wa magharibi, kodi ni nafuu na treni ya S-Bahn inakufikisha mjini bila shida. Na kama umedahiliwa Chuo Kikuu cha Leipzig, waandikie pia watu wa taasisi ya masomo ya Afrika, maana Kiswahili kinafundishwa pale na wapo wanafunzi watakaofurahi kukaa na mtu wa kuzungumza naye.

Kwenye WG hakuna dalali wa kumpa kodi ya mwezi mmoja. Wanaochagua ni wakazi wenyewe, na wanachagua mtu wa kuishi naye. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosa, kwa sababu tunaandika kana kwamba tunaomba kazi: mheshimiwa, mimi ni mwanafunzi mwenye bidii na heshima, naomba mnifikirie. Barua ya namna hiyo haiwaambii chochote. Waambie unaishije. Kwa mfano: naitwa fulani, natoka Tanga, nakuja kusoma jiografia, nitafika tarehe 25 Septemba na kukaa mwaka mzima, naamka mapema, sivuti sigara, Jumapili napenda kupika chakula kingi na kukaribisha watu, nimeona mna baiskeli za akiba uani, nami nataka kujifunza kuendesha mjini. Hiyo ya baiskeli ndiyo itakayokutofautisha, kwa kuwa inaonyesha umesoma tangazo lao. Anza na sentensi tatu za Kijerumani hata kama ni za kuungaunga, kisha endelea kwa Kiingereza.

Wakikupenda watakuita kwa video, wenyewe wameketi kuzunguka meza ya jikoni. Watauliza mambo ambayo kwetu tungeona ni ya ndani mno: unalala saa ngapi, una mpenzi atakayekuja kulala, ukikasirika unanyamaza au unasema? Jibu kweli. Nawe uliza yako: zamu za usafi zinagawanywaje, nani jina lake liko kwenye mkataba, na je, mwenye nyumba anajua kwamba naingia mimi?

Matapeli wapo, tena wanajua kabisa kwamba mtu aliye Dar hawezi kwenda kuchungulia. Hadithi yao huwa ni ileile: mwenye nyumba yuko nchi nyingine kikazi, chumba ni kizuri kupita kiasi na bei ni ndogo, tuma kodi na amana kisha ufunguo utakuja kwa posta. Sisi tumezoea kudaiwa kodi ya miezi sita mkononi, basi mtu akitaka ya miezi sita hatushtuki. Leipzig, shtuka. Kodi kule hulipwa mwezi kwa mwezi, benki kwa benki. Kabla ya kutuma hata senti, omba kuonyeshwa chumba kwa video, na katikati ya mazungumzo mwombe afungue dirisha akuonyeshe barabara na kibao cha mtaa. Mwenye chumba chake atacheka na kukuonyesha. Tapeli atasema kamera imeharibika.

Kuhusu hela, liangalie jambo hili mapema. Akaunti ya Sperrkonto, yaani ile ya benki inayozuia hela zako za kujikimu, uliyofungua kwa ajili ya viza, ina euro 11,904 za mwaka, lakini haikupi zote kwa mkupuo: ni euro 992 kwa mwezi, tena baada ya kufika na kufungua akaunti ya kawaida. Wiki za kwanza utaishi kwa fedha nyingine, na wakati huo ndipo amana na kodi ya kwanza vinadaiwa pamoja. Kisheria amana haizidi kodi ya miezi 3, tena ile ya Kaltmiete, yaani chumba bila joto wala maji, na una haki ya kuilipa kwa mafungu 3 ya kila mwezi. Wenye nyumba wengi hawakuambii habari ya haki hiyo. Itaje wewe kwa adabu. Katika tangazo, bei ya kulinganisha na mfuko wako ni Warmmiete, yenye gharama hizo ndani, na hata hapo uliza kama umeme na intaneti vimo.

Siku ya kupokea ufunguo piga picha kila mkwaruzo, kila doa la zulia, na namba za mita. Mjaze pamoja karatasi ya makabidhiano, msaini wote wawili. Halafu shuka chini ukabandike jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango. Usilale kabla ya hilo. Maghorofa mengi ya Leipzig milango ya ndani haina namba. Tarishi anasoma majina, na jina asipoliona, barua anairudisha ilikotoka. Barua hizo ndizo kadi ya bima, namba ya siri ya benki na namba ya kodi ya mapato. Liandike kama lilivyo kwenye pasipoti.

Usipange kuhamia Jumamosi usiku, kwani Jumapili maduka yamefungwa. Ndivyo ilivyo pia tarehe 3 Oktoba, na katika jimbo la Sachsen, ambamo Leipzig imo, tarehe 31 Oktoba. Ukitamani ugali, nenda Eisenbahnstraße, mtaa wenye maduka mengi ya wageni.

Baridi ikiingia, jifunze dirisha na hita. Kitasa cha hita kina namba 1 hadi 5. Namba 3 inashikilia chumba kwenye nyuzi 20 hivi. Kuweka 5 hakuharakishi joto, kunakipasha chumba kupita unavyohitaji na kukuongezea bili ya mwisho wa mwaka. Sisi tunachemsha maharage saa nzima na zaidi, tunafua na kuanika ndani kwa sababu nje kuna barafu, na ule mvuke wote hauna pa kutokea. Asubuhi utaona kioo cha dirisha kinatiririka maji. Ukipuuza, baada ya majuma kadhaa ukuta wa nyuma ya kabati unaota ukungu mweusi, na mwenye nyumba anaweza kukata ukarabati kwenye amana yako. Dawa yake: zima hita, fungua dirisha lote wazi dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, kisha funga uwashe tena. Usiliache nusu wazi kutwa nzima, ukuta unapoa. Na kabati lisigusane na ukuta wa nje, liache nafasi ya kiganja.

Baadaye kidogo itakuja barua ya Rundfunkbeitrag, ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi. Si utapeli, wala usiitupe eti kwa kuwa huna televisheni. Inatozwa kwa nyumba, si kwa kichwa: kwenye WG mmoja analipa na wengine mnamchangia, wewe unawajibu walioleta barua kwa kuwapa namba ya mlipaji.

Kuondoka nako kuna tarehe zake. Mkataba wa kawaida unataka notisi ya miezi 3, kwa maandishi kwenye karatasi yenye saini yako, si kwa barua pepe. Ukitaka kutoka mwisho wa Septemba, imfikie mwenye nyumba kabla siku ya tatu ya kazi ya Julai haijapita. Mabweni na vyumba vya muda vina masharti yao, yasome siku ya kusaini. Jiondoe pia kwenye daftari la wakazi, kuanzia wiki moja kabla ya safari. Lakini akaunti ya benki iache wazi kwa muda: amana hairudi siku ya kukabidhi ufunguo, mwenye nyumba anaweza kukaa nayo miezi kadhaa akisubiri hesabu za joto na maji, na akaunti ikishafungwa, kuipata hela hiyo ukiwa Tanzania ni kazi ngumu.