Kura ya tuzo za programu isiyoleta ugomvi: nifanyavyo hapa Lamu

Juzi usiku kijana mmoja wa Malindi alinipigia simu, sauti juu. "Ami, watu wanatuibia kura!" Kikundi chao cha waandika programu kilikuwa kinachagua programu bora ya mwaka, kiungo cha fomu kikatupwa WhatsApp, na mshindani mmoja akawa na kura mia na kitu ilhali kikundi kizima hakifiki watu sitini. Nikamwambia, "Funga fomu, mwanangu, kesho tuanze upya." Tuliyoyafanya ni haya.

Hatua ya 1: Daftari kabla ya fomu

Fomu inayojazwa na yeyote mwenye kiungo humpa ushindi mwenye binamu wengi. Andika kwanza daftari la wapiga kura: jina, barua pepe au simu, na sababu ya mtu kuwemo. Kwetu anaingia aliyehudhuria mikutano miwili au aliyechangia kazi kwenye mradi wa kikundi. Lifunge daftari kabla wagombea hawajatangazwa.

Ukilinganisha barua pepe, kumbuka Gmail haijali nukta wala maneno yaliyo baada ya alama ya kujumlisha, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuonekana watano. Namba ya kitambulisho usiiombe. Huna kazi nayo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka ukusanye unachokihitaji tu.

Hatua ya 2: Tokeni

Kila aliye daftarini apate tokeni yake, kama ile ya stima: ukishaiingiza haitumiki tena. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, tumia moduli ya `secrets`. Ile ya `random` inatabirika, na maelezo yake yenyewe yanakuonya usiitumie kwa mambo ya usalama. Herufi kumi zatosha, ila ondoa 0 na O, 1 na l. Kura ihesabiwe mtu anapobonyeza kitufe, isihesabiwe kiungo kinapofunguliwa, maana mifumo ya kukagua barua pepe hufungua viungo yenyewe kabla mwenyewe hajaamka.

Hatua ya 3: Usifute kura kwa sababu ya anwani ya IP

Hapa ndipo nilipokesha. Mwaka wetu wa kwanza niliandika programu ndogo: anwani moja ya IP, yaani namba ya mtandao ilikotokea kura, ikitoa zaidi ya kura tatu, zilizozidi zifutwe. Nikajiona hodari. Asubuhi niko uwanja wa Mkunguni na kikombe cha kahawa, akanijia dada mmoja anayefundisha kompyuta mtaa wa Langoni, kashika karatasi yenye sahihi kumi na tisa. Darasa lake zima lilikuwa limepiga kura kwa waifai moja, na kura kumi na sita sikuwa nazo tena. Nilizifuta kabisa badala ya kuzitia alama. Siku nzima ikaniishia kwenye kumbukumbu za seva, nikizirudisha mstari kwa mstari, naye kakaa kando yangu na karatasi yake bila kusema neno.

Ruta moja huonekana nje kama anwani moja, hata ikiwa na simu thelathini nyuma yake. Laini za simu nazo ni hivyo hivyo: anwani za IPv4, mfumo wa zamani, ni kama bilioni 4.3 tu duniani, kwa hiyo mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mwizi naye huzima data, akaiwasha, mara nyingi akapata anwani mpya. Kwenye IPv6, mfumo mpya, ndiyo usiseme, kifaa kimoja kinaweza kujibadilishia anwani kinavyotaka. Utawanasa wanafunzi wa Langoni na mwizi atapita. Kuki, ile alama ambayo tovuti huiacha kwenye kivinjari, ni hadithi ile ile: mtu hufungua dirisha la faragha, kwisha.

Anwani ibaki kama harufu tu. Ukiona tokeni ishirini zimetumika saa tisa usiku, sekunde tatu tatu, wapigie wenye tokeni uwaulize, bila kutazama wamemchagua nani. Ukilazimika kuitoa kura, itie alama, andika sababu, na watu wawili waweke majina yao. Masharti ya kutoa kura yaandikwe kabla ya kura ya kwanza. Yakiandikwa baadaye yatakuwa na mwenyewe.

Hatua ya 4: Karatasi ya kura

Changanya mpangilio wa wagombea kwa kila mtu. Ficha hesabu mpaka mwisho. Mimi napenda mpiga kura atie alama kwa wote anaowakubali. Debian, mradi wa programu huria, huchagua kiongozi wao kwa kupanga wagombea kwa daraja na kuwashindanisha wawili wawili, njia nzuri sana, lakini jaribu kuieleza Mkunguni kahawa haijapoa.

Hatua ya 5: Saa

Seva nyingi huenda kwa UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko saa tatu mbele. Tena mwenzangu mmoja aliandika mwisho ni "saa 12", akikusudia jioni. Fomu ikafungwa adhuhuri. Andika 18:00, yaani saa kumi na mbili jioni.

Hatua ya 6: Kuhesabu hadharani

Weka majedwali mawili: la kwanza tokeni zilizotumika na saa zake, la pili kura zenyewe na namba ya risiti ambayo kila mpiga kura hupewa akishapiga. Faili linalounganisha mawili hayo lifungwe kwa nywila ya watu wawili, lifutwe malalamiko yakiisha, ndipo kura zifunguliwe. Lile la pili lisiwe na saa, na mistari yake ichanganywe. La sivyo mstari wa kwanza ni wa aliyepiga kwanza, na siri imetoka. Kisha litoe lote, kila mtu atafute risiti yake.

Risiti ina ubaya wake: mnunuzi wa kura anaweza kuidai. Kwa tuzo ya cheti na makofi naivumilia. Penye pesa, tazama Helios ya Ben Adida, mfumo wa kura mtandaoni ambao huzifunga kura kwa kriptografia, yaani maandishi ya siri, na bado mpiga kura huhakikisha yake imeingia.

Malindi walipiga kura 44 kati ya watu 57 wa daftari. Yule wa mia na kitu alipata tisa. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliomba jedwali, akahesabu mwenyewe mara mbili, zikatoka tisa.