Jinsi ya kuomba kujitolea mtaani kuhesabike kwenye somo lako chuoni (kwa mlioko Tanga)

Wadogo zangu mnaosoma vyuo vya hapa Tanga, hii kitu inawezekana kabisa, shida wengi wanaanzia mwisho. Mtu anajitolea miezi miwili halafu anarudi na picha kwenye simu anamwomba mwalimu maksi, mwalimu ataziweka wapi?

Anza na mwalimu wa somo, wiki za mwanzo za semista, kabla asaimenti hazijapangwa. Mwambie hivi: krediti moja ni masaa 10 ya kujifunza, kwahiyo somo la krediti 10 lina masaa 100, na humo sio lekcha tu, kuna kujisomea, kuna asaimenti, kuna vitendo. Wewe unaomba sehemu ya hayo masaa uyafanyie mtaani, na atakachosahihisha ni ripoti ya ulichojifunza, sio siku ulizokaa huko. Akikubali aandike hata mistari minne, asaini, maana ya mdomo yanasahaulika wakija kujumlisha CA (maksi za kazi za semista kabla ya mtihani wa mwisho).

Sasa uchague kazi gani, hapa usikimbilie. Kama unasoma uhasibu kufagia soko la Mgandini ni jambo jema ila kwenye somo lako halina pa kukaa. Tafuta kikundi cha kina mama, tuseme Makorora au Ngamiani, wanaotaka mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (wanawake asilimia 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2), pale wanatakiwa wawe wamesajiliwa, wana katiba, wana akaunti ya benki, na vitabu vya mahesabu vikiwa shaghalabaghala we ndo mtu wao. Lakini nenda kwanza ukapige hodi, uwaamkie, umuulize mweka hazina yeye anakwama wapi. Kina mama hawa wana kazi zao, usiwapotezee muda kwa kitu ambacho hawajakiomba, hili naliona ni kubwa kuliko hata maksi.

Baada ya hapo barua. Chukua ya utambulisho chuoni, uandike na yako kwa Mkurugenzi wa Jiji, K.K. (kwa kupitia) Afisa Maendeleo ya Jamii, YAH: kuomba kujitolea kama sehemu ya somo. Weka kozi, mwaka wa masomo, mtaa, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza na kumaliza, namba ya simu. Toa kopi, peleka masjala, na kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa usije ukaambiwa barua haijaonekana. Ukijibiwa, nakala kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa. Kama ni hospitali ya Bombo andika kwa Mganga Mfawidhi, shule pitia kwa Afisa Elimu. Ukitaka kugawa dodoso huo ushakuwa utafiti, uliza chuo habari ya kibali kwanza.

Ukianza, daftari la kila siku: umefanya nini, somo linasemaje, nani kasaini. Picha za watu omba ruhusa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za nani anadaiwa shilingi ngapi zisitoke kwenye kikundi, kwenye ripoti usiweke majina.

Wiki za mwisho kaa na mweka hazina ajaze vitabu mwenyewe wewe ukiangalia tu, halafu ndo ukaombe barua ya kumaliza, ambatanisha na ripoti, na kopi moja iachie kikundi.